Re: Moto wa 2020 umepoa, wewe unaendeleaje?
Ndugu, umeuliza ufanyeje usikate tamaa wakati wengi waliojaa barabarani 2020 baada ya George Floyd, yule Mmarekani mweusi, kuuawa na polisi Minneapolis wamesharudi kwenye mambo yao. Aisee nakuelewa, hata mi niliandamana wiki mbili mfululizo halafu nikazima kama simu.

Kilichonirudisha ni habari za Montgomery, mji wa Alabama kule Marekani, ambako watu weusi waligomea mabasi yaliyokuwa yanawabagua. Watu wanamjua Rosa Parks tu, yule mama mweusi aliyekataa kumpisha mzungu siti ya basi, ila ule mgomo ulienda siku 381, Desemba 1955 mpaka Desemba 1956, na sio kwamba watu walikuwa na hasira kila siku, walipanga magari ya kubebana kwenda kazini, wengine wakapiga mguu, jioni wanakutana kanisani wanachanga hela na kutiana moyo. Yani kulikuwa na ratiba!

Sasa na wewe chagua kitu kimoja, mi nimechagua vikao vya bodi ya shule ya wanangu, mara moja kwa mwezi, vinaboa balaa lakini ndiko wanakoamua kama polisi wakae shuleni au wasikae. Tafuta na mtu wa kwenda naye, ukiwa peke yako utaenda miezi miwili, wa tatu huendi. Na hizo video za mauaji acha kuziangalia usiku.