Alhambra siku ya kupumzika baiskeli

Mkuu, umeuliza kama siku ya kupumzika baiskeli unaweza kutoka Málaga kwenda Granada, huko kusini mwa Hispania, ukanunue tiketi ya Alhambra (ile ngome ya kale yenye kasri na bustani) pale mlangoni. Hapana, usitegemee hivyo, msimu wa watalii zinaisha hata wiki kadhaa kabla. Nimeishi Granada, nimeona wageni wengi tu wakigeuzwa getini. Tiketi inakuwa na jina lako na saa ya kuingia Palacios Nazaríes, yaani kasri za wafalme wa Kiislamu wa zamani, ukichelewa hiyo saa ndo basi tena, bustani na ngome utazunguka ila zile kasri zenyewe umezikosa, na pasipoti ubebe maana wanaangalia. Basi kutoka Málaga ni kama saa moja na nusu mpaka mbili hivi kwa hiyo chagua kuanzia saa tano, sio asubuhi sana.

Ukikosa tiketi kabisa nenda tu, jumba la mfalme Carlos V liko humo humo na kuingia ni bure, halafu vuka mtaa wa kale wa Albaicín ulio kilima cha pili mpaka Mirador de San Nicolás, sehemu ya kutazamia mandhari, unaiona Alhambra yote na milima ya Sierra Nevada nyuma yake. Ila kile kilima si mchezo, kama miguu bado imekaza panda kibasi.