Je, bima ya hatari za kisiasa hulipa pale mnunuzi wa umeme anapochelewa kulipa?

Swali: Kampuni yetu inataka kununua hisa katika mradi wa njia ya umeme ya kilovolti 400 inayounganisha nchi mbili. Mapato yatatoka kwa shirika la umeme la serikali ya nchi ya pili. Wakala anasema tukikata bima ya hatari za kisiasa, shirika hilo likichelewesha malipo tutalipwa na bima mwezi unaofuata. Ni kweli?

Jibu: Si kweli. Aliyewaambia hivyo ama hajasoma hati anayoiuza, ama anafukuzia kamisheni. Nimeshaisikia ahadi hii mara nyingi mno, na bado inanikera.

Bima hii, iwe ya MIGA, shirika la dhamana za uwekezaji lililo chini ya Kundi la Benki ya Dunia, au ya ATIDI, shirika la bima la Afrika lenye makao makuu Nairobi, hukinga mambo kama utaifishaji (serikali kutwaa mali), kuzuiwa kubadili fedha na kuzitoa nje, vita, na uvunjaji wa mkataba. Hilo la mwisho ndilo linalowapoteza watu. Ankara iliyolala mezani bado si madai ya bima. Kwa kawaida mtapeleka shauri kwenye usuluhishi, mshinde, mpewe tuzo, yaani uamuzi kwamba mlipwe, kisha mdaiwa agome kuilipa. Au njia ya usuluhishi yenyewe izibwe. Hapo ndipo mtabisha hodi kwa mwenye bima. Inaweza kuchukua miaka, na mkopo wenu unadai kila mwezi.

Ipo kinga dhidi ya serikali kutotimiza wajibu wake wa kifedha, nayo haisubiri tuzo. Lakini inataka ahadi ya malipo isiyo na masharti yoyote, na zaidi huwafaa wakopeshaji kuliko wenye hisa kama ninyi. Kwa ucheleweshaji wa miezi michache, daini dhamana ya benki mnayoweza kuichota mara moja, na iandikwe kwenye mkataba kabla ya kusaini.

Wakala aliwauliza hati ya bima itataja nchi ipi? Njia ya umeme ya Cahora Bassa, bwawa la umeme lililoko Msumbiji, ina urefu wa kilomita zipatazo 1,400 hadi Afrika Kusini. Nguzo zake zililipuliwa wakati wa vita upande wa Msumbiji, na umeme ukakatika kwa miaka mingi. Mwenye hati inayotaja nchi ya mnunuzi peke yake angedai nini? Bima ya kawaida ya mali nayo huiacha vita nje.

Hati inayokinga kila kitu haipo. Hata MIGA, kwa hisa, huishia asilimia 90 ya uwekezaji. Yeyote anayepanga uwekezaji wa namna hii apeleke ombi lake mapema, kabla fedha hazijaingia na kabla mgogoro haujaanza. Akija mtu na “saini kwanza, bima itafuata”, msimpe hata nakala ya mkataba wenu.