Geuza sarafu kwanza

Kwenu mnaoanza kuchambua sarafu za shaba za Warumi: kila mgeni hukimbilia uso wa kaisari. Mimi nilipoteza jioni nyingi nikilinganisha pua na pua, kumbe wa karne ya 4 karibu wote wamechongwa kijana yuleyule, macho makubwa, utepe wa lulu kichwani. Geuza. Upande wa pili unaongea zaidi.

Hebu shika ile inayojaa kwenye mafungu ya bei ya chini: askari anamchoma mkuki mpanda farasi anayeanguka. Maandishi yake ni FEL TEMP REPARATIO, yaani neema za zamani zimerudi, na yalianza kutumika mwaka 348 BK, chini ya kaisari Constantius II na nduguye Constans. Hata herufi zikiwa zimesagika, ukiona farasi amepiga magoti na mtu akitapatapa juu yake, umeshajua karne kabla hujasoma jina.

Askari wawili wamesimama? Hesabu bendera katikati yao. Mbili ni za mwanzo wa miaka ya 330. Moja ni ya baadaye kidogo, na sarafu yenyewe imepungua ukubwa. Kwenye sarafu za miaka hiyohiyo, ukimwona mbwa mwitu jike ananyonyesha mapacha, usihangaike kumtafuta kaisari upande wa pili. Hayupo. Yule mwenye helmeti ni Roma, mji uliopewa umbo la mtu. Nilimtafuta wiki nzima.

Chini kabisa ya picha kuna herufi za mji ilikopigwa: ANT ni Antiokia, TR ni Trier. Mwanga utoke pembeni, wala si juu, kisha izungushe polepole mpaka vivuli vikusomee. Na U huandikwa V.

Sasa usafi. Iloweke kwenye maji ya betri, yaani yale safi yasiyo na chumvi (asidi ya betri usiiguse!), kisha kijiti cha meno, na wiki kadhaa za subira. Ukiona unga wa kijani hafifu unaopukutika, itenge na uiweke pakavu. Unga huo ni ugonjwa wa shaba, na unyevu ndio unaoulisha.

Ndimu je? Niliiloweka sarafu moja kwenye maji yake usiku kucha. Asubuhi ilikuwa nyekundu kama waya wa umeme, na picha imekwenda na maji, kwa kuwa ilikuwa imebaki kwenye lile gamba jeusi tu. Bado ninayo. Kwenye bahasha yake nimeandika: “Mpanda farasi, nadhani.”