Kuingia Kwenye Mazungumzo ya Kiingereza Bila Kuitwa Mvamizi

Wiki hii nimepata ujumbe kutoka kwa dada mmoja anayefanya kazi kwenye kampuni ya utalii Arusha. Anasema: "Dada, kwenye vikao vyetu na mawakala wa Uingereza, nikitaka kutia neno huwa naanza na 'sorry to butt in'. Mwenzangu ananiambia najidhalilisha. Ni kweli?"

Nilimjibu kwa kifupi palepale. Lakini swali lake limenigusa, na najua wengi mnaonisoma mnakitaka kile nilichokitaka mimi: kukaa meza moja na watu wa mataifa mengine na kusikilizwa.

Neno hilo, "butt in", yaani kuingilia maongezi bila kukaribishwa, mimi nalijua kwa uchungu. Nilikuwa afisa mradi kwenye shirika moja hapa Dar es Salaam. Tulikuwa na kikao cha Zoom na wafadhili, na iliyokuwa inajadiliwa ni bajeti ya mafunzo ya wakulima, bajeti niliyoiandaa mimi mwenyewe. Gharama za usafiri zikasomwa vibaya, nikawasha maiki nikasahihisha. Haukupita muda, mwenzangu wa kiume naye akaingia bila kunyoosha mkono, akasahihisha jambo lingine. Muhtasari ulipotumwa kwa barua pepe, yeye alikuwa "weighed in", yaani katoa mchango wake. Mimi "butted in". Kikao kilekile, kitendo kilekile, mwandishi yuleyule. Nimetetea hesabu zangu, nimeandikwa kama mtu aliyevamia. Sijasahau, wala sitajifanya nimesahau.

Ndipo nikaanza kuyachunguza maneno haya moja moja. "Butt" ni kile anachofanya beberu: kupiga kwa kichwa. "Barge in" limebeba sura ya tishari, chombo kizito cha mizigo kisichogeuka kwa urahisi. Anayeambiwa hivyo ameingia kwa kishindo bila kuangalia nani yupo. "Cut in" ni kumkata mtu kalima, na ndilo neno wanalolitumia hata kwa gari linalokuchomekea barabarani. "Interrupt" asili yake ni Kilatini, kuvunja katikati, na hata likitamkwa kwa upole huwa lina lawama ndani yake.

Upande wa pili yapo maneno ya heshima. "Chime in" ni mlio wa kengele zinazoitikiana, kwa hiyo mara nyingi husemwa mtu anapoingia kuunga mkono. "Chip in" Waingereza hulitumia kwa kuchangia neno, ila Mmarekani ukimwambia hivyo anaweza kufikiria mchango wa pesa, kama sisi tunavyochangia hoja na tukachangia harusi. "Weigh in" linanukia mizani wanayopimiwa mabondia na wapanda farasi wa mashindano. Anayeambiwa ame-"weigh in" ameonekana ana uzito. Halafu kuna "pipe up", la mtu aliyekuwa kimya akasikika ghafla, na mara nyingi husemwa juu ya mtoto. Nikisikia linatumika kwa mwanamke mwenye cheo chake, masikio yananisimama.

Msiseme haya ni mageni kwetu. Anayechangia hoja na anayedakia maneno ya wenzake wote wamefungua mdomo mwenzao akiongea, na Mswahili hawezi kuwachanganya. Na yule anayeingia hajui habari ilikoanzia tunamwambia kadandia treni kwa mbele. Basi sikio hilohilo lipeleke kwenye Kiingereza.

Sasa jibu la dada wa Arusha. Hapana, hujidhalilishi. Neno kali ukijisemea mwenyewe linakuwa adabu, kama mtu wa pwani anavyoomba radhi kwa kukukata kalima. Ukali wake unarudi pale linaposemwa juu ya mtu mwingine. "Sorry to butt in" ni kubisha hodi. "She butted in" ni shutuma. Ila usiitumie kila mara, hasa jambo likiwa ni la idara yako. Kwa jambo lako, sema "Can I come in here?" au "Can I just jump in?" na uendelee. Hakuna haja ya "sorry" kwenye kazi uliyoifanya kwa mikono yako.

Tatizo kubwa zaidi ni muda. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliolinganisha lugha kumi za mabara mbalimbali, Kiingereza kikiwemo, na ukaonyesha kwamba kati ya swali na jibu hupita kwa wastani kama moja ya tano ya sekunde. Wakati huohuo, kuandaa hata neno moja kichwani huchukua zaidi ya nusu sekunde. Maana yake wenye lugha hawasubiri mwenzao amalize ndipo wafikiri, wameshajiandaa anapoongea. Wewe unayetunga kwa Kiswahili, ukatafsiri, ukakagua sarufi, ukifika mlango umeshafungwa. Kwa hiyo sentensi ya kuingilia iwe tayari mdomoni kabla kikao hakijaanza. Iandike. Isome kwa sauti nyumbani. Nasema tena, iandike. Hata wabunge wetu pale Dodoma hawabuni maneno mapya wakitaka kumkatiza mwenzao: wanasimama na "Taarifa!" au "Mwongozo!", na kila mtu anaelewa wanaomba nini.

Na ukishaingia, usikubali kutolewa. Tarehe 7 Oktoba 2020, kwenye mdahalo wa wagombea umakamu wa rais wa Marekani, Mike Pence alipomwingilia Kamala Harris, mama yule alimjibu kwa utulivu "I'm speaking", akaendelea. Maneno mawili. Ukiona hayo ni makali mno kwa bosi wako, tumia "Let me just finish". Lakini tumia kitu! Dada zangu, tumelelewa kunyamaza mkubwa akiongea, na ni malezi mema, ila kikao cha kazi hakina mkubwa wa ukoo. Ukinyamaza, bajeti yako itasomwa vibaya na utakuja kuulizwa wewe.

Leo mimi naongoza vikao vya namna ileile, na muhtasari hautumwi kabla sijaupitia. Wote wanaandikwa "added" au "said", mwanamume kwa mwanamke, mfadhili kwa dereva. Najivunia hilo kuliko cheo chenyewe.

Nawe ukiandikwa vibaya, usikae na donge kooni kama nilivyokaa mimi. Jibu barua pepe siku hiyohiyo, mstari mmoja unatosha: "Please change 'butted in' to 'clarified'." Na nakala waipate wote waliopokea muhtasari.