Fundi Anauliza: Chipu haisomi mpaka niikandamize

SWALI: Natengeneza TV hapa Majengo, Moshi. Chipu za kumbukumbu za miguu 8 nikizipachika kwenye soketi ya wenzo ya programa (kifaa cha kusoma na kuandika data ya chipu), mara zinasoma, mara zinagoma. Nikikandamiza kwa kidole zinasoma. Soketi imekufa?

JIBU: Usinunue nyingine bado, fundi. Wenzo ukisimama, midomo ya springi hufunguka. Ukilala, hubana kila mguu. Chipu iliyong'olewa kwenye bodi huja na vinundu vya risasi ya kulehemu, na mguu mnene huitanua midomo hiyo hadi mguu mwembamba wa chipu inayofuata usibanwe. Mabaki ya flaksi (dawa ya kulehemu) nayo hukaa katikati kama nta, umeme haupiti.

Nyonya risasi kwa utepe wa shaba, sugua miguu kwa mswaki uliolowa spiriti safi, kausha. Safu mbili za miguu ziachane milimita 7.62, zikitanuka, egemeza upande mmoja mezani uziinamishe kidogo kidogo. Inua wenzo kwanza, ndipo utumbukize chipu.

Soketi ipulize pia, maana vumbi la kiangazi huko kwenu ni laini mno. Tundu lile lile likigoma kwa kila chipu, hapo ndipo ubadilishe. Kidole kiache kabisa: kinapindisha miguu, na data inaweza kuandikwa nusu.