Baba kachanika aota: stenti au dawa tu?

Pole sana dada. Umeuliza kwa nini baba, ambaye aota yake, yaani mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, imechanika upande wa chini, nyuma ya kifua, anapewa vidonge vya presha wakati umesikia kuna stenti, yaani mrija wa wavu unaowekwa ndani ya mshipa.

Aota ina tabaka tatu. La ndani likichanika, damu hupenya katikati ya ukuta, kama mkono uliopotea njia ndani ya bitana ya koti. Mchaniko ukiwa karibu na moyo ni dharura ya kupasua kifua, hakuna kusubiri. Wa baba uko chini, na hapo dawa ndizo hutangulia: presha, ile namba ya juu kwenye kipimo, ishushwe hadi kati ya 100 na 120, mapigo ya moyo yapunguzwe. Msidharau vidonge hivyo.

Stenti huingizwa kupitia mshipa wa kinena ikiwa imekunjwa, kisha hufunguliwa ndani ya aota na kuziba tundu. Huwekwa haraka kama maumivu hayatulii, mshipa unavimba au unavuja, au damu haifiki kwenye figo, utumbo au miguu. Ina hatari zake, kiharusi na kupooza miguu zikiwemo, kwa hiyo ulizeni wazi.

Mimi ningemwuliza daktari: kipimo cha CT, ile picha ya ndani ya mwili, kinarudiwa lini? Hata akiwekewa stenti, vipimo na vidonge vinaendelea.

Maumivu mapya ya kifua, mgongo au tumbo, au mguu kufa ganzi: hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane.