Mimi namtetea Puck

Wiki hii mmetuuliza: ni kazi gani ya sanaa inayopuuzwa na wajuzi ambayo wewe uko tayari kuitetea? Langu ni Puck, sanamu ya marumaru ya Harriet Hosmer, Mmarekani aliyeifanyia kazi Roma katikati ya miaka ya 1850.

Puck ni kijini mtundu wa ngano za Waingereza, ambaye Shakespeare alimpa nafasi katika mchezo wake wa kuigiza. Hosmer amemfanya mtoto mnene, kaketi juu ya uyoga, mkono mmoja kashika mbawakawa kana kwamba yu tayari kumvurumisha, mwingine kambana mjusi. Haifiki hata mita 1 kwa kimo. Wapo wanaoiita pambo la sebuleni, basi. Hapo ndipo nisipokubaliana nao.

Hosmer alizaliwa 1830 huko Watertown, Massachusetts. Mchongaji wa miili ya watu sharti ajue mifupa na misuli, lakini vyuo vingi vya udaktari vya kwao havikupokea wanawake. Akafunga safari hadi St. Louis, akasoma anatomia huko. Tazama mapaja ya kijini huyu, tazama vifundo vya miguu yake: hakuna kilichobahatishwa.

Mwaka 1852 alihamia Roma, akawa mwanafunzi wa John Gibson, mchongaji mashuhuri kutoka Uingereza. Haukupita muda mrefu baba yake, aliyekuwa akimtumia fedha, akabanwa na hali. Binti hakurudi nyumbani. Alimbuni Puck kwa nia ya kuuza, na akauza kweli: nakala zipatazo 30, moja ikichukuliwa na mwana wa Malkia Victoria, ambaye baadaye alikuja kuwa Mfalme Edward VII. Kwangu hilo halimpunguzii hadhi hata chembe. Msanii wa kike asiye na mume angeishi kwa nini?

Nakala hizo ziliwezekana kwa sababu ya jinsi kazi yenyewe ilivyokuwa ikifanyika. Msanii hufinyanga umbo kwa udongo, likatolewa kwa plasta, kisha mafundi wakahamisha vipimo kwenye jiwe, nukta kwa nukta. Wanaume nao walifanya vivyo hivyo, bila kuulizwa. Lakini Hosmer alipoonyesha London sanamu yake kubwa ya Zenobia, malkia wa Palmyra akiwa katika minyororo, magazeti ya Uingereza yakadai mwaka 1863 kwamba ni kazi ya fundi wa Kiitaliano. Aliwajia juu kisheria, na Desemba 1864 akachapisha makala katika jarida la Atlantic Monthly akieleza hatua zote hizo, ili kila mtu ajue nani hufanya nini karakanani.

Wajuzi humsifu Zenobia, na anastahili. Ila kabla ya malkia huyo, aliyemwezesha Hosmer kujitegemea Roma ni huyu mtoto wa juu ya uyoga.